Kisu kidogo cha ala: namna ya kuchagua cha kutembea nacho kila siku

Kaka yangu ni mvuvi, mimi nina miti ya machungwa upande wa Muheza, na sote wawili tumetembea na kisu kwa zaidi ya miaka ishirini. Si kisu cha kukunja. Ni kile cha ala: bapa moja imara, mpini, na ala ya kukitia kazi ikiisha. Katika miaka hiyo nimenunua visu vibaya vingi kuliko vizuri, na karibu vibaya vyote vilikuwa na kosa moja, kwamba vilikuwa vikubwa mno na vinene mno kwa kazi niliyokuwa nayo. Nimeuandika mwongozo huu kwa anayetaka kununua kimoja tu, kimfae, akae nacho.

Kwanza, kwa nini cha ala na si cha kukunja? Cha kukunja kina tundu, skrubu na springi. Magamba na damu ya samaki huingia humo, chumvi inabaki ndani, na baada ya wiki chache hakifunguki vizuri. Kile kifungio kinachozuia bapa lisirudi kikichoka, kisu hujifunga juu ya vidole vyako. Cha ala unakiosha kwa maji na sabuni, unakipangusa, basi. Hasara yake ni kwamba hakiingii mfukoni na watu wanakiona. Hilo la kuonekana nitalirudia mbele, kwa sababu lina uzito wake.

Hatua ya kwanza: andika ulichokata wiki nzima

Kabla ya kwenda dukani chukua karatasi, na kwa siku saba andika kila kitu ulichokata au ulichotamani kukata ukakosa kisu. Orodha yangu ilikuwa hivi: machungwa, kamba ya katani, midomo ya magunia ya mbolea, vijiti vya kuegemezea nyanya, nyama ya mishikaki, maboksi, mpira wa kumwagilia. Ya kaka ilikuwa samaki, samaki, chambo, nyuzi za nyavu, na kipande cha turubai.

Itazame orodha yako. Nina hakika hutaona humo kazi ya kupasua kuni wala kukata mti. Hizo ni kazi za panga, na panga sisi tunalo, kila nyumba. Visu vinene vinavyotangazwa mitandaoni vimetengenezwa kwa mtu anayeingia msituni na kisu kimoja tu kifanye kazi ya shoka. Sisi hatuna haja hiyo. Kisu chetu kidogo kinafanya kile ambacho panga haliwezi, yaani kazi ya vidole.

Kama kwenye orodha umeandika kujilinda, kiondoe hicho kwanza. Kisu unachokishika kwa hofu hukuingiza kwenye ugomvi ambao miguu ingekutoa, na mbele ya polisi kinageuka ushahidi. Chote ninachosema hapa kinahusu zana.

Jambo jingine kwa wenzangu wa machungwa na maembe: kisu cha kubebeshea, yaani cha kuunganisha kikonyo cha mti mzuri kwenye mche, kiwe peke yake. Kile kinahitaji makali ya wembe na usafi, na ukikitumia kufungulia magunia ya mbolea halafu ukakitia kwenye gome la mche, unapanda ugonjwa pamoja na kikonyo.

Hatua ya pili: pima kwa kadi ya benki

Dukani hutakuwa na rula, lakini kadi ya benki unayo. Kadi zote za benki zina kipimo kimoja duniani: urefu milimita 85.6, unene milimita 0.76. Hicho ni kipimo kizuri sana cha kisu.

Urefu wa makali uwe karibu sawa na urefu wa kadi. Kikipungua mpaka sentimita 7 bado kinafaa, na kikizidi, kisivuke sentimita 10. Sababu ni hii. Kazi ndogo hufanywa kwa ncha, na kadiri ncha inavyokuwa mbali na kidole cha shahada ndivyo unavyoipoteza. Ukitaka kutoa jicho la nanasi kwa kisu cha sentimita 15 utaona mkono mzima unahangaika, wakati kifupi kinafanya kazi ile ile kwa kuzungusha kiganja tu.

Unene sasa. Shikanisha kadi tatu, upande usio na herufi zilizoinuka, uziweke karibu na mgongo wa kisu. Kadi tatu ni milimita 2.3 hivi, kadi nne ni 3. Kisu chako kiwe humo, kati ya 2 na 3. Kikizidi kadi nne kirudishe, hata kama muuzaji anakisifu kwa uzito. Kisu kinene hakikati, kinapasua. Jaribu kwenye karoti: kinene kinaingia nusu, halafu karoti inalia "ta!" na kujipasua yenyewe kabla makali hayajafika chini. Kisu changu cha kwanza kilikuwa na milimita 5. Kilikuwa kikali, nilikinoa kila siku, na bado chungwa lilitoka limechubuka na maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba ukali haukuwa tatizo.

Unene wa mgongo peke yake hautoshi. Kinyanyue kisu, ncha ikuelekee, ukitazame kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Utaona mahali mteremko unapoanza. Kwa vingine mteremko unaanzia mgongoni mpaka kwenye makali, na hivi hukata matunda na nyama vizuri sana. Kwa vingine bapa linashuka wima mpaka theluthi ya mwisho, ndipo mteremko unaanza, mpana na wa wazi. Huo ndio mtindo wa visu vya Skandinavia. Visu vya Mora, vinavyotoka mji wa Mora nchini Uswidi, vya kampuni inayohesabu mwanzo wake kutoka mwaka 1891, ni vya namna hii. Kile chao kinachouzwa sana, Companion, kina makali ya milimita 104 hivi na unene wa 2.5. Eldris ni kifupi zaidi, milimita 59 hivi. Uzuri wa mteremko huo ni kwamba ukiulaza wote juu ya jiwe, pembe ya kunolea umeshaipata, hata anayeanza hakosei. Kwa kuchonga vijiti hakuna unaoushinda.

Ncha iwe imeshuka kidogo kutoka kwenye mstari wa mgongo, ielekee katikati ya bapa. Ncha iliyochongoka kama sindano huvunjika mara ya kwanza ikigusa mfupa. Na usichukue chenye meno ya msumeno nusu ya makali, kwa sababu meno yale huyanoi nyumbani, na yamekula sehemu ile ile iliyo karibu na mpini unayoihitaji kuliko zote.

Hatua ya tatu: chuma

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotezwa.

Chuma cha visu kina makundi mawili makubwa: cha kaboni, ambacho hushika kutu, na stenlesi, ambayo haishiki kutu kwa urahisi. Kinachotofautisha ni kromi. Kikiwa na kromi kuanzia asilimia 10.5 hivi, juu yake hujengeka utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe.

Kaboni ina sifa zake. Inanoleka upesi, hata kwa kinoo cha kawaida cha dukani, na inapata makali ya kunyoa. Lakini menya chungwa nayo. Baada ya dakika chache bapa linakuwa la kijivu, kisha jeusi, na chungwa la tatu lina ladha ya msumari. Ni asidi ya tunda inayokula chuma. Ndimu, embe bichi, nanasi na nyanya ni vivyo hivyo. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani: kisu cha kaboni ukikiacha kimelowa usiku mmoja tu, asubuhi kina madoa mekundu. Kaka hajawahi kubeba kaboni baharini na sitamshauri aanze.

Mimi ninacho kimoja cha kaboni cha kamba na vijiti, na ninakipenda. Kimeshakuwa na rangi ya kijivu yenye bluu kwa ndani. Rangi hiyo usiisugue, ni kinga. Adui ni ile nyekundu.

Stenlesi nazo hazilingani. Kijiko chako cha chai ni stenlesi, lakini huwezi kukinoa kikakata, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo mno. Kwa hiyo kisu kilichogongwa muhuri wa stenlesi peke yake bado hakijakuambia kitu. Tafuta jina la chuma. 12C27 ni ya Uswidi, ina kaboni asilimia 0.6 na kromi asilimia 13.5, na kwa bei yake sijaona ya kuizidi kwenye visu vidogo. 14C28N ni ndugu yake, inastahimili kutu zaidi. 1.4116 ya Kijerumani ndiyo inayotumika kwenye visu vingi vya jikoni vya Ulaya. Ni laini kidogo lakini haina kero. 420HC, AUS-8 na 8Cr13MoV zinafaa pia zikichomwa vizuri kiwandani. Ukiona ugumu umeandikwa kwa kipimo cha Rockwell, yaani HRC, chagua kati ya 56 na 58. Chini ya 54 makali hulala upande mmoja ukikata boksi mbili. Juu ya 60 hukaa muda mrefu kweli, lakini hung'oka vipande vidogo vidogo kikigonga mfupa, na jiwe la kawaida litakuchosha.

Sasa visu vya wahunzi wetu. Kisu kizuri cha springi ya gari kinaweza kushinda vingi vya dukani. Springi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali, aghalabu asilimia 0.5 mpaka 0.6, na hakivunjiki ovyo. Kinachoharibu ni moto. Nilipoagiza changu kwa mzee mmoja mhunzi nilimkalia pembeni nikauliza.

"Babu, unakichovya kwenye nini?"

"Mafuta, mwanangu. Maji hukipasua."

"Halafu basi?"

"Basi wapi! Kikitoka hapo ni kigumu kama chupa, ukikiangusha kinakatika. Nakirudisha motoni taratibu mpaka kiwe na rangi ya majani makavu. Hapo ndipo kinakuwa kisu."

Huyo ndiye fundi wa kumpa kazi. Kile kipindi cha pili cha kurudisha motoni, ambacho ni joto la nyuzi 200 na kidogo tu, ndicho mafundi wenye haraka wanachokiruka. Na kabla hajachovya anajua joto limefika kwa sumaku: chuma kikiwaka vizuri kinaacha kushika sumaku, anangoja kidogo zaidi, anachovya. Ukiuliza maswali haya mawili na fundi akakukasirikia, tafuta mwingine. Kitu kimoja cha kumwomba: asitumie kipande cha springi iliyovunjika, kwa kuwa mara nyingi ina nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka kisu kikukatikie mkononi. Na mwambie akikwangue mpaka kadi tatu. Wahunzi wetu wamezoea kutengeneza mapanga, wasipoambiwa watakuachia unene wa panga.

Kwa kifupi, kama uko pwani au unamenya matunda, chukua stenlesi. Kama uko bara pakavu na kupangusa kisu baada ya kazi si mzigo kwako, chukua kaboni.

Hatua ya nne: mpini na msuka

Mpini upimwe kwa mkono wako, si wa muuzaji. Ukishika, vidole vinne vikae bila kubanana, na nyuma kibaki kidogo. Kwa watu wengi hiyo ni sentimita 10 au 11. Mpini wa vidole vitatu unavumilika kwa kisu kifupi sana kama una tundu nyuma la kupitishia kamba, kamba ile ikawa ndiyo ya kushikwa na kidole cha mwisho.

Omba maji ulowe mkono, ushike tena, usukume ngumi yako mbele kama unayechoma gunia. Mkono ukiteleza hata nusu sentimita kuelekea kwenye makali, kiache. Kaka alikuwa na kisu chenye mpini wa mbao uliosuguliwa ukang'aa, kizuri kwa kutazama. Siku moja akitumbua kolekole, mkono umejaa utelezi wa samaki, ncha ikagonga mfupa, mkono ukaendelea mbele. Kano ya kidole cha shahada ilikatika. Alishonwa, na miezi miwili hakuingia baharini. Tangu siku hiyo hanunui kisu kisicho na kizuizi mbele ya mpini, hata kama ni nundu ndogo tu ya kuzuia kidole.

Plastiki ngumu yenye mpira juu ndiyo salama kuliko zote kwa kazi za majimaji. Mbao ni tamu mkononi siku ya jua. Mninga unafaa, na mpingo haunywi maji kirahisi ila ni mzito. Kisu cha mpingo kikianguka baharini hukioni tena, ingawa hata vya plastiki vingi huzama, kwa hiyo baharini funga kamba. Na chagua rangi inayopiga kelele. Niliwahi kucheka visu vyenye mpini wa rangi ya chungwa. Kisha nilipoteza viwili vyeusi kwenye nyasi za shamba langu mwenyewe.

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kwenye visu vingine ni mpana kama mpini wenyewe, unauona pande zote mbili, umebanwa kwa ribiti. Vingine vina msuka mwembamba uliozama ndani. Utasikia watu wakikuapia kwamba lazima uwe mpana. Kwa kisu kidogo si lazima, ilimradi msuka uingie zaidi ya nusu ya mpini na wewe usikitumie kubandulia vifuniko vya ndoo za rangi. Usichokubali ni mpini unaocheza. Shika bapa kwa kitambaa, tikisa mpini. Ukisikia mlio wowote, huko ndani maji yataingia na kutu itaula msuka kimyakimya.

Hatua ya tano: ala

Watu hukichunguza kisu nusu saa, ala hawaiangalii hata dakika. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kisu changu cha pili kilikuja na ala ya kitambaa cha nailoni, laini, yenye kifungo cha kubonyeza. Nilikivaa kiunoni nikapanda pikipiki kwenda shambani. Kwenye shimo moja nikahisi kitu kama moto pajani. Ncha ilikuwa imetoboa kitambaa na suruali, ikaingia. Haikuzama sana. Lakini upande wa ndani wa paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa huo una dakika chache tu. Nilisimamisha pikipiki nikakaa chini ya mwembe, sikuwa na nguvu ya miguu kwa muda.

Kwa hiyo ala ichunguze hivi:

Kitie kisu ndani, geuza juu chini, tikisa kwa nguvu mara tano bila kufunga kifungo. Kisitoke. Ala ya kweli inakishika kisu yenyewe, kifungo ni nyongeza.

Bonyeza ala kwa vidole mahali ncha inapofikia. Ikibonyea kama kitambaa, rudisha. Iwe ngumu, plastiki ngumu au ngozi nene iliyoshonwa na kuwekewa kamba ya ngozi katikati ya mshono ili makali yasikate uzi.

Kitoe na kukitia mara kumi huku unasikiliza. Makali yakikwaruza ukingo kila mara, utanunua ala mpya mapema. Na ukishika ala, vidole visizunguke upande wa makali; hapo ndipo wengi hujikata hata kwa ala nzuri.

Tazama chini kama kuna tundu la kutolea maji. Kwa plastiki ni lazima. Ngozi haina haja ya tundu lakini ina dosari yake: inanyonya unyevu na chumvi, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Kisu cha kaboni kisilale ndani ya ala ya ngozi. Mchana kitembee nayo, usiku kitoke.

Ala ya ngozi ya kushonewa na fundi viatu ni jambo la siku moja. Mpe kisu chenyewe, usimpe picha. Ngozi ilowekwe kwanza, ikaushwe kikiwa ndani kimefungwa kwa plastiki ya jikoni, ili ichukue umbo lake.

Kuvaa: pembeni ya kiuno, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, kamwe si mbele karibu na kinena. Ukipanda bodaboda kitie ndani ya begi, kikiwa ndani ya ala. Kuna wanaokining'iniza shingoni. Kamba ile ikinasa kwenye tawi au kwenye mashine inakunyonga, kwa hiyo kama huna budi iwe kamba inayokatika ikivutwa.

Hatua ya sita: majaribio kabla ya kulipa

Omba karatasi ya gazeti, ishike kwa mkono mmoja ikining'inia, ikate kuanzia karibu na mpini mpaka kwenye ncha. Mahali inapokwama ndipo makali yalipo butu au yamepinda. Kisu kipya kisichokata gazeti kinaweza bado kuwa kizuri, kitanolewa, ila bei ijadiliwe.

Kwa kisu cha mhunzi nenda na tupa. Iburute taratibu karibu na makali. Ikizama na kula chuma kama inavyokula msumari, kisu ni laini. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, huenda hakikurudishwa motoni, na kitakuwa kinakatika. Unataka iteleze huku ikikwaruza kidogo tu. Kisha, kama fundi anakubali, kata kamba ya katani mara hamsini na urudi kwenye gazeti. Katani ni adui mkubwa wa makali, ina vumbi na mchanga ndani yake. Kisu kinachokata gazeti baada ya hapo, lipa.

Sheria na adabu

Kuonekana kwa kisu, nilisema nitarudi. Shambani, sokoni kwa wauza samaki na kwenye mtumbwi, kisu kiunoni hakimshtui mtu. Kwenye daladala, benki, mkutano wa siasa, uwanja wa mpira na msikitini ni habari nyingine. Kiache nyumbani, au kitie ndani kabisa ya mfuko wa zana zako. Sheria huangalia mazingira na nia. Nchini Kenya, kwa mfano, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu mtu aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa. Mkulima mwenye kisu saa mbili asubuhi njiani kwenda shamba ana maelezo. Saa sita usiku nje ya baa, maelezo yale yale hayatoshi.

Ndugu zetu walioko Ulaya wawe waangalifu zaidi. Uingereza na Wales, chini ya sheria ya mwaka 1988, kisu cha ala cha urefu wowote hakiruhusiwi hadharani bila sababu nzuri, kama vile kazi. Kinachoachwa ni kile kidogo cha kukunja kisicho na kifungio cha kuzuia bapa, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Ujerumani wanazuia kutembea na kisu cha ala chenye makali yanayozidi sentimita 12, na tangu mwishoni mwa 2024 wamekaza zaidi kwenye sherehe za hadhara na treni za masafa marefu. Ndege ni kote: begi la mkononi hapana, begi linalokwenda tumboni mwa ndege sawa, kikiwa kimefungwa.

Kumpa mtu kisu, mpe mpini, kwa mkono wa kulia, na usikiachie mpaka aseme amekishika. Na ukikitumia kuchinjia kuku, kinoe kabla na mnyama asione. Dini imetuagiza hivyo, na kisu butu ni mateso.

Kukitunza

Nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, karibu namba 400 na 1000. Kama si kisu cha mteremko wa Skandinavia, ambacho unaulaza mteremko wenyewe, utahitaji pembe ya nyuzi 15 mpaka 20 kila upande. Bila kifaa: bapa likiwa na upana wa milimita 20, inua mgongo milimita 5 kutoka kwenye jiwe upate nyuzi 15, au milimita 7 upate 20. Milimita 7 ni kadi tisa za benki, au, kwa urahisi, unene wa kalamu ya risasi. Weka penseli chini ya mgongo uone kimo, itoe, mkono ukumbuke. Nenda upande mmoja mpaka uhisi kijinundu chembamba upande wa pili ukipitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje. Kisha geuza. Malizia upande laini, na mwisho kwenye mkanda wa ngozi wa zamani, ukivuta kisu kinyumenyume, mara kumi kila upande. Usisubiri kiwe butu kabisa. Dakika tano kila Ijumaa zinatosha mwaka mzima.

Usiguse mashine ya kunolea ya mtaani ile inayotoa cheche. Cheche ni joto, na joto hilo linaharibu kazi yote ya mhunzi kwenye ule ukingo mwembamba. Utaona rangi ya bluu kwenye makali. Hapo chuma kimeshalainika, na utanoa kila siku mpaka uipite sehemu hiyo.

Ukijikata, bonyeza kwa kitambaa safi kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia. Kidole kikikataa kukunja au kikiwa na ganzi, ni hospitali siku hiyo hiyo, maana kano haisubiri kesho. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Baada ya kazi: osha, pangusa, pangusa tena pale mpini unapokutana na bapa, kwa kuwa maji hujificha hapo. Baharini suuza kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kile cha kaboni kipake mafuta ya nazi matone mawili, usitumie oili ya gari kwenye kisu kinachogusa chakula. Kama hutakitumia mwezi mzima, kitoe kwenye ala, kifunge kwa karatasi kavu, uiweke ala kando yake, na uandike juu ya karatasi kwamba ndani kuna kisu ili mtoto au mgeni anayepanga kabati asikifungue kwa kidole.